Namba ya Simu ya Sista

Kila mgonjwa mpya wa kliniki yetu ya saratani hapa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, huondoka na kadi ndogo yenye jina langu, cheo changu na namba ya simu. Namwambia: ukipandwa na homa, ukitapika usiku kucha, ukiona mkono uliowekwa dripu unavimba, usikae ukiwaza, piga. Usiku simu hupokewa na wenzangu wa zamu. Mbele yao pana karatasi ya maswali iliyopakwa rangi tatu, kijani, manjano na nyekundu, na kwa majibu machache wanajua nani alale nyumbani na nani aletwe hospitali sasa hivi. Mgonjwa wa kemo, yaani zile dawa kali za saratani, akiwa na homa hasubiri kupambazuke. Chembe zake nyeupe za damu zikiwa zimeshuka, anatakiwa awe ameshachomwa antibiotiki ndani ya saa moja, la sivyo tunaweza kumpoteza kabla ya saratani yenyewe kumgusa.

Watu wa nyumbani wakinipigia huniuliza mashine za huku zikoje. Mimi huwaeleza habari ya hiyo kadi.

Maana kazi hii niliifanya Nairobi. Nilikuwa na simu ya mulika mwizi kwenye mfuko wa yunifomu, laini yangu mwenyewe, na wagonjwa walipeana namba yangu wenyewe kwa wenyewe pale kwenye benchi. "Mpigie sista, atakwambia." Mama mmoja wa Kitui alikuwa akilala kwa shemeji yake Kawangware katikati ya mizunguko ya kemo, kwa kuwa nauli ya kwenda na kurudi ingemmaliza kabla ya dawa. Alikuwa akinipigia mara moja anakata, nami nampigia. Usiku mmoja nikasikia meno yake yakigongana. Nilimwambia shemeji atafute teksi saa hiyo hiyo, kisha nikampigia mwenzangu wa kasualti amsubiri mlangoni. Mama alipona. Hilo halikuandikwa popote. Mkubwa wangu hakulijua, na angelijua pengine angeniuliza kwa nini nawapa wagonjwa namba yangu.

Ni kazi ile ile moja. Tofauti ni kwamba huku ni cheo chenye mshahara wake, saa zake na mtu wa kunishikia nikienda likizo, na kule ilikuwa roho nzuri ya sista. Nikiondoka, inaondoka nami.

Nimekuwa muuguzi miaka mingi sasa, 11 kati ya hiyo nikiwa nyumbani. Nilipoamua kusomea diploma ya juu ya uuguzi wa saratani nilichukua mkopo wa sako, nikakatwa mshahara miaka mitatu. Sikujuta hata siku moja. Nilijifunza kukokotoa dozi kwa urefu na uzito wa mtu, kuchanganya dawa bila kuuvuta mvuke wake, kumpa mtu habari mbaya bila kumwangusha. Nilijifunza kuiogopa dawa nyekundu, doksorubisini, ile ambayo ikitoka nje ya mshipa inaunguza nyama mpaka mtu anahitaji kupandikizwa ngozi. Nikarudi wodini nikiwa na moto.

Baada ya miezi saba orodha ilibandikwa ukutani: nimehamishiwa wodi ya uzazi. Sikuwa nimekosa lolote. Ndiyo desturi, wauguzi huzungushwa. Mahali pangu aliletwa kijana mmoja mwema, mchapakazi, ambaye hakuwa ameshika dawa ya kemo maishani mwake. Nilimfundisha kwa simu wakati wa chakula cha mchana, mimi nikiwa na mama anayesukuma upande huu na yeye akiwa na sindano upande ule. Nilipokwenda kulalamika niliambiwa maneno manne: "Muuguzi ni muuguzi tu."

Sentensi hiyo nimeibeba mpaka huku. Sikubaliani nayo, na nadhani ndiyo shina la shida yetu. Hakuna anayemwamuru daktari wa upasuaji wa moyo akahudumu kliniki ya macho kwa sababu daktari ni daktari. Wakunga wetu nawaheshimu mno, ndiyo maana najua kwamba siku ile nilipowekwa kati yao, mama wanaojifungua walipata mkunga dhaifu na wagonjwa wa saratani wakampoteza mtu aliyesomeshwa kwa ajili yao. Wote wawili walipunjwa.

Nilifunga mizigo mwaka mmoja baada ya ule mgomo wa 2017, wauguzi wa kaunti walipokaa nje siku 150.

Nisiwadanganye, huku sikupokewa kwa mikono miwili. Nilifanya mtihani wa vitendo kama mwanafunzi, kisha nikaanzia Bendi 5, ngazi ya msichana aliyehitimu jana, na ile miaka 11 hakuna aliyeihesabu. Nililia kwenye basi zaidi ya mara moja. Lakini nilipofuta machozi niliiona ngazi. Bendi 6 inataka nini, imeandikwa. Bendi 7, muuguzi bingwa wa aina fulani ya saratani, inataka nini, imeandikwa. Nikasoma, nikapanda. Nikasomea na kuandika dawa. Tangu 2006 muuguzi wa huku aliyefuzu kozi hiyo anaweza kumwandikia mgonjwa karibu dawa yoyote iliyo ndani ya ujuzi wake, na sahihi yake inatosha. Na katika kupanda kote huko sijaambiwa hata mara moja niache wagonjwa. Nyumbani ukitaka kupanda lazima umuache mgonjwa. Sista hodari kuliko wote wodini anatuzwa kwa kupelekwa ofisini akapange zamu na kuhesabu glavu. Tunamwita kiongozi, kumbe tumemtoa mahali alipokuwa akiongoza.

Kuna kikao kila Alhamisi. Wanaketi daktari wa upasuaji, wa mionzi, wa dawa, wa picha, wa maabara, nami naketi. Wiki za kwanza nilinyamaza, nilivyozoea. Siku moja walikuwa wamempangia mzee mmoja mionzi ya kila siku kwa wiki tano, katika mji ulio mbali na kwake. Daktari akageuka: "Wewe unamjua. Ataweza?" Nikasema hapana. Mke wake amepoteza kumbukumbu, akiachwa peke yake saa mbili huwasha jiko na kutoka nje. Mzee hatamwacha, atakubali mbele yenu kwa adabu kisha hatakuja. Wakabadilisha mpango wakati nimekaa pale pale.

Nilirudi nyumbani usiku ule nikiwakumbuka wagonjwa wangu wa Nairobi. Hao niliwajua kuliko hivyo. Nilijua nani ameuza ng'ombe wa mwisho, nani harambee yake imekusanya kidogo na ataacha kemo mzunguko wa tatu, nani mume wake hajaambiwa titi limeondolewa. Nilijua ni nani hatarudi. Hakuna kikao kilichowahi kuniuliza.

Viti hivi havikuota vyenyewe hata huku. Wauguzi wa kwanza wa Macmillan, shirika la hisani la kuwasaidia wagonjwa wa saratani, walianza 1975, kwa fedha za michango. Robert Tiffany, muuguzi wa Royal Marsden, hospitali ya saratani ya London, alikuwa katika waasisi wa chama cha kimataifa cha wauguzi wa saratani mwaka 1984, wakati wengi bado walimwona muuguzi kuwa mshika sinia wa daktari. Walibishana miaka mingi mpaka ikakubalika. Nalisema hili kwa wale wanaodhani Wazungu wamezaliwa na utaratibu.

Na utaratibu wao una doa. Huduma ya afya ya Uingereza hujipima kila mwaka, tangu 2015, jinsi inavyowatendea wafanyakazi wa rangi tofauti, na kipimo hicho kimerudia jambo lile lile: kati ya walioitwa kwenye usaili, mweupe ana nafasi kubwa zaidi ya kuajiriwa. Nimeliona kwa macho yangu. Wodini na kliniki tumejaa sisi, Wakenya, Wanaijeria, Wafilipino, Wahindi wa Kerala. Ukipanda lifti hadi ofisi za wakurugenzi, sura zinabadilika. Bendi 8 nimeiomba mara mbili. Nitaiomba tena.

Kuna mahali nyumbani tunawashinda, na hapa naomba nichukue nafasi. Mgonjwa wangu wa huku anaweza kufa akiwa na godoro la umeme, pampu ya mofini na dirisha linaloangalia bustani, na binti yake akafika baada ya siku mbili kwa sababu ya kazi. Nairobi nimeona mtu akifa wodini amezungukwa na watu saba, dada anamkanda miguu, kanisa linaimba kwa sauti ya chini ili wagonjwa wengine wasiamke. Nimeona mgonjwa wa kitanda cha jirani akimlisha mwenzake uji. Na tiba shufaa, ile ya kumtuliza mtu maumivu na kumsindikiza, Nairobi Hospice imekuwa ikiifanya tangu 1990. Nilipita huko wakati wa diploma. Sista wa pale ananyanyuka asubuhi na mkoba wake, anapanda matatu mpaka Dandora au Kibera, anakaa kwenye kistuli na kumuuliza mgonjwa jana ulilalaje. Uongozi wa uuguzi niliouona kwanza maishani niliuona kwenye kile kistuli.

Kisha akiambiwa maumivu yamezidi, inabidi atafute daktari wa kuandika. Mimi mwenyewe wodini nimekaa na mtu anayeuma shuka, chupa ya mofini iko kabatini, nikimsubiri daktari mmoja mwenye wodi tatu mpaka saa tano usiku. Wakiniambia kumpa muuguzi kalamu ni mambo ya Ulaya, nawaelekeza Busia, wavuke mpaka. Uganda iliruhusu tangu 2004 wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa waandike mofini. Hiyo ni miaka zaidi ya 20, kwa jirani yetu anayekula ugali kama sisi.

Julai 2019 nilikuwa huku. Ndani ya mwezi mmoja saratani ilituchukulia Bob Collymore, mkuu wa kampuni ya simu ya Safaricom, Ken Okoth mbunge wa Kibra, na Joyce Laboso gavana wa Bomet. Nchi ilitikisika, na kila kipaza sauti kilidai mashine. Mashine zimekuja, na ninamshukuru Mungu. Hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ina vipimo ambavyo zamani watu walivifuata India, na mionzi haipatikani tena katika hospitali za umma za Nairobi peke yake. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF, bima yetu ya afya ya taifa, Oktoba 2024, tunabishana kuhusu shilingi ngapi kwa kila familia, na ni mabishano ya haki. Lakini makadirio ya kimataifa ya 2020 yalituhesabia wagonjwa wapya 42,116 na vifo 27,092. Watu hao hawakai na mashine. Mashine inawashika dakika kumi na tano. Saa zilizobaki za wiki wako Kawangware kwa shemeji, na hapo ndipo homa inapoanzia.

Ninachotaka si kikubwa. Aliyesomea saratani abaki kwenye saratani, na barua yake ya ajira iseme hivyo, ili orodha ya ukutani isimguse. Apande cheo akiwa bado anamgusa mgonjwa. Aketi kwenye kikao na jina lake liandikwe kwenye kumbukumbu. Apewe simu ya hospitali, yenye salio la hospitali, na mtu wa kuipokea akilala. Simu na salio ni gharama ndogo mno ukilinganisha na mashine moja ya mionzi.

Najua nitakachoambiwa, kwa sababu nimeshaambiwa, tena na watu ninaowapenda: wewe ulikimbia, unatufundisha nini ukiwa kwenye joto la hita? Sina jibu la kujitetea. Niliondoka, na kitanda fulani Nairobi kina muuguzi mmoja pungufu kwa sababu yangu. Mkataba wa wahudumu wa afya wa Kenya kuja kufanya kazi huku, ambao serikali zetu mbili zilitia sahihi Julai 2021, umewafungulia wengine njia, na siwezi kumzuia mdogo wangu kupita mlango nilioupita. Nawaeleza tu kilichonisukuma. Mshahara ulichangia, sikatai. Lakini usiku niliofanya uamuzi sikuwa nikihesabu pesa. Nilikuwa nimetoka kumfundisha mtu kwa simu namna ya kutoboa mshipa kwa ajili ya dawa nyekundu.

Yule kijana sasa si kijana. Aliipenda kazi ile, akakopa, akasoma diploma kama mimi, na namba yake ndiyo inayopeanwa kwenye benchi siku hizi. Yule mama wa Kitui, ambaye bado yu hai, hunitumia salamu kupitia kwake. Jumapili iliyopita mwenzangu huyo alinitumia picha ya karatasi iliyobandikwa ukutani. Kuanzia tarehe mosi yuko wodi ya mifupa. Chini ya picha ameandika: "Sista, hawa watu wangu wakipiga usiku, niwaambie nini?"

Nilimwambia asizime laini. Hilo tu ndilo nililoweza kumjibu mpaka sasa.