AMAM

Mama mkwe anatimiza miaka 60, na mimi kwa kiherehere changu nikatangaza kwamba kadi nitaitengeneza mwenyewe. Mke wangu akaguna.

Mihuri nilichonga kwa viazi, na hapo sijiaibishi. Kiazi kigumu, kisu kirefu, mkato mmoja tu. Ukikereza kama unakata mkate, uso unapata mawimbi na ua linatoka na mapengo. Unachonga petali moja, kina cha nusu sentimita, unaigonga mara tano kuzunguka kitone. Ila kwanza kikaushe kiazi kwa tishu, kwa sababu maji yake yanazimua wino na waridi linatoka kama rojo la mchuzi.

Balaa lilianzia kwenye maandishi. Herufi za muhuri huchongwa kinyume, hilo nalijua. Lakini M na A hata uzitazame kwenye kioo ni zilezile! Nikajiona profesa, nikachonga MAMA wima wima, nikagonga.

AMAM.

Herufi hazikugeuka, kweli. Foleni ndiyo iliyogeuka.

Sikukata tamaa. A ya mbele nikaifunika kwa waridi jekundu, nikaligonga mara tatu hadi zambarau ya chini ikafichika, kisha nikakata A moja kwenye kiazi na kuigonga mwishoni. MAMA! Nani angejua?

Ningejua mimi, kama ningekumbuka nilinunua karatasi gani. Nilichagua manila ile inayong'aa, kwa tamaa ya macho. Wino wa pedi za ofisini hutiwa glisirini makusudi ili pedi isikauke, kwa hiyo hauna njia ya kukauka ila kunywewa na karatasi, na karatasi ya kung'aa hainywi. Drayo ya nywele nusu saa, kadi ikapata joto, wino ukabaki umenitumbulia macho. Nikajiambia hadi jioni utakuwa umeshika.

Jioni mama akaifungua, akasoma, machozi yakamlengalenga. "Mwanangu, Mungu akuzidishie." Akaikumbatia, akailaza shavuni. Mpiga picha akapiga kama amelipwa kwa hesabu.

Alipoitoa, shavuni kulikuwa na waridi jekundu lenye majani, na karibu na sikio A moja ya zambarau. Wajukuu wakamkimbizia kioo. Waridi lilikuwa limepinda, lakini A, hata humo kiooni, ilisomeka sawasawa.