Duka Likiuza Kitabu, Limlipe Mchapishaji

Wiki hii nimerudishiwa boksi la vitabu na duka lililovichukua kwa mali kauli, yaani lilipe baada ya kuuza. Pembe zimekunjika, stika za bei zimebanduliwa zikaondoka na rangi ya jalada. Vitabu hivyo siwezi kumuuzia mtu tena. Na vile vilivyouzika? Bado havijalipiwa.

Hili limenichosha. Mchapishaji mdogo hutangulia kulipa kila mahali: mhariri, msanifu wa jalada, msoma prufu. Kiwandani nako mashine haiwashwi bila malipo ya awali. Kwenye uchapaji wa ofseti gharama kubwa iko mwanzoni, kwenye bamba la kuchapia kurasa na kuiweka mashine sawa. Ukichapa nakala 300, kila moja inakuwa ghali mno, ukichapa 2,000, mtaji wote umelala stoo. Halafu duka linakata asilimia 40 ya bei, pengine zaidi, linakaa na mzigo miezi sita, na usipouzika hasara ni yako. Yaani mwenye duka anaendesha biashara kwa pesa ya mtu anayesubiri mauzo ya kitabu kimoja ili achape kingine! Mwandishi naye anadai mrabaha, fungu lake la mauzo. Akinipigia simu roho inaniuma, maana ni haki yake, na pesa iko kwenye droo ya mtu mwingine.

Utaratibu wa kurudisha vitabu ulishika mizizi Marekani miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, wachapishaji walipotaka maduka yasiogope kuagiza. Ilikuwa dawa ya dharura. Dharura ilikwisha zamani, dawa bado tunanyweshwa sisi.

Nakubali, shingo upande, kwamba maduka nayo yana pango la kulipa, na muuzaji anayesoma huuza kitabu kuliko tangazo lolote. Uchapaji wa dijitali kwa oda unapunguza mzigo wa stoo, ingawa nakala inakuwa ghali. Ruzuku ukiipata, shukuru, ila usiipangie bajeti.

Kuanzia toleo lijalo, duka litapata nakala tano tu za mali kauli. Likitaka zaidi, lilipe taslimu na nitalipunguzia bei vizuri. Ankara ya zamani isipolipwa, hakuna mzigo mpya. Na wewe msomaji, ukisikia tunaandaa kitabu unachokitaka, weka oda na ulipe kabla hakijaenda kiwandani. Pesa hiyo ndiyo inayolipia bamba.