Vifaa vya bazee bisilale mu kabati

Bandugu ba Bukavu, kuna kitu kinaniuma. Miye niko Ubelgiji, Liège, nafanya kazi mu nyumba ya bazee, na kila siku naona vyuma vya kushikilia ku choo, vigari vya kutembelea, na kile kifungo cha shingoni, muzee akianguka anafinya tu mutu anamujibu. OMS (shirika la afya la dunia) na UNICEF balisema mu 2022 kama mu nchi tajiri batu mpaka 90 kwa 100 benye kuhitaji vifaa banavipata, na mu nchi zingine maskini ni 3 tu. Sawa, franga hakuna, tunajua. Lakini hata hao 3, ya wangapi inalala mu kabati?

Baba yangu mwenyewe. Nilipokuja likizo tulimupima masikio, nikarudi huku nikatengenezesha kifaa cha kusikia kufuata vile vipimo, nikatuma na pakiti ya batri. Miezi miwili, simu ni ileile, mama anapiga makelele "MUZEE, MUTOTO ANAKUSALIMIA!" Kumbe alibandua vibandiko ku batri zote siku moja, ati anazitayarisha, na zile batri zinatumika na hewa, ukibandua tu zinaanza kuisha hata haujaziweka mu kifaa. Zote zikakufa. Na siku alivaa, mvua ikapiga ku mabati (munajua mvua ya kwetu), akakitoa akasema ni kitu ya shetani. Nani alimwambia kama kichwa kilishazoea kimya, unaanza na saa moja ao mbili mu chumba chenye kutulia, kisha unaongeza polepole? Hakuna mutu. Kosa yangu, si yake.

Huku kifungo habakuonyeshi tu, banamufinyisha mama muzee yeye mwenyewe, leo, kesho, wiki ijayo tena. Kwetu mujukuu ananyanganya simu, "Koko leta nikufanyie," koko anabaki anaangalia. Ila tusidanganyane, kuna bibi mumoja hapa anafinyaka kifungo asubuhi juu tu asikie sauti ya mutu, kitu ile kwetu Kadutu haiwezekani, ukianguka haujafika chini batoto kumi bameshapiga makelele.

Na fimbo je! Mama mukubwa goti ya kushoto njo inamuuma, na fimbo anashika kushoto, wakati inatakiwa kulia, na urefu ufike ku kifundo cha mukono akisimama wima. Kigari cha magurudumu musitume, na ile milima na matope kitamuangusha. Fundi wa viatu akate kipande cha tairi aweke chini ya fimbo, basi.

Sasa binti ya dada yangu anakaaka na baba kila jioni, muzee mwenyewe njo anabadilisha batri, mutoto mikono nyuma. Jumapili muzee akanipigia: "Kumbe mama yako anaongeaka peke yake mu jiko! Na ni miye anasema."