Mizani Nane, Vidole Vitano

Nilipokuwa Kidato cha Tatu katika shule moja ya bweni, binti mmoja wa mkondo wa sayansi alinirudishia barua zangu zote tatu, mbili zikiwa hazijafunguliwa hata bahasha. Niliamua kumwachilia kishairi, na tena hadharani, siku ya mahafali ya Kidato cha Nne, ambapo hangekuwa na budi kukaa ukumbini na kunisikiliza.

Mwalimu wetu wa Kiswahili, ambaye hakutaka hata kusikia harufu ya shairi guni, yaani lililovunja kanuni za utunzi, alikubali lisomwe kwa sharti kwamba kila mshororo uwe na mizani 16, yaani silabi 16, nane za ukwapi (nusu ya kwanza) na nane za utao (nusu ya pili). Beti zote zilikaa sawa, kibwagizo pekee ndicho nilichokitilia shaka: "Mkono nimefumbua, kamba nimeiachia."

Jioni hiyo ilikuwa zamu yangu ya kuteka maji ya jikoni. Kisima chetu hakikuwa na roda, hivyo ndoo ya lita 20 ilivutwa kwa nguvu za mikono, na ncha ya kamba ilipaswa kufungwa kwanza kwenye nguzo, jambo ambalo sikulifanya kwa kuwa akili yangu ilikuwa kwenye vina. Ndoo ilipofika katikati nilipumzika, nikaishika kamba kwa mkono wa kulia na kuanza kuhesabu utao kwa vidole vya kushoto: ka, mba, ni, me, i. Vidole vikaisha. Mizani tatu zilikuwa zimebaki, na mtu aliyefundishwa hesabu kwa vidole akimaliza mkono mmoja huhamia wa pili bila kujiuliza. A, nikakunjua gumba la kulia. Chi, kidole cha shahada. A, cha kati. Kamba ilinipita kiganjani ikiniunguza, na kishindo kikasikika chini kabisa. Aibu yangu kubwa ni kwamba jambo la kwanza nililolihisi lilikuwa furaha, kwa sababu mizani zilitimia.

"Umeiachiaje?" aliuliza mwalimu wa zamu.

"Nilikuwa nahesabu mizani, Mwalimu."

"Mizani iko stoo. Kisimani ulikuwa unapima nini?"

Kulabu ilitoa kandambili moja, kisha sufuria lisilo na mwenyewe, na mwishowe ndoo yetu. Shule nzima ikala ugali saa tatu usiku huku ikilitaja jina langu.

Siku ya mahafali nilipanda jukwaani na kughani ubeti wa kwanza kwa huzuni niliyoifanyia mazoezi wiki mbili. Nilipofika kwenye kibwagizo, "kamba nimeiachia," ukumbi mzima ulinijibu kwa sauti moja: "Ndoo imetumbukia!" Binti alicheka hadi akafuta machozi kwa kitambaa. Mwalimu wa Kiswahili hakucheka; alikuwa ameinua mikono yote miwili, akihesabu, kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika. Zilikuwa nane kamili, na kina kilikuwa sahihi.