London isubiri Mbeya?

Tuseme kampuni iliyosajiliwa Uingereza imekuwa ikikusanya maparachichi Rungwe na Njombe, kisha ikafilisika wakulima hawajalipwa. Wakulima wanamshtaki mkurugenzi Mahakama Kuu hapa Mbeya: alipokea mzigo akijua fedha hakuna. London nako serikali inaomba afungiwe ukurugenzi kwa sheria yao ya 1986, kati ya miaka 2 na 15. Wakili wake anaomba kesi ya London isimame hadi Mbeya imalize.

Wengi wetu tungefurahi. Angalau mara moja Mzungu anaisubiri mahakama yetu!

Na ombi lenyewe lina uzito. Hati ya kiapo aliyoapa London inaweza kusomwa dhidi yake Mbeya, mawakili anawalipa pande zote mbili, na majaji wawili wakitofautiana kuhusu mzigo uleule itakuwa aibu.

Ila tujiulize London itapata nini ikisubiri. Mwaka 2003, katika kesi ya Bairstow, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisema aliyoyabaini jaji katika kesi ya madai iliyotangulia si ushahidi dhidi ya mkurugenzi katika kesi ya kumfungia; alikuwa huru kuyabishia upya. Na kesi zote mbili zilikuwa za hukohuko Uingereza. Basi hukumu ya Mbeya nayo ingefika London ikawekwa kando, na mkulima wa Kiwira akaitwa kueleza upya kreti ngapi zilipimwa, siku gani, nani aliandika. Leo anakumbuka na daftari analo. Baada ya miaka minne ya kusubiri, daftari limeshalowa mvua za Tukuyu na karani wa mizani amehamia Tunduma. Anayenufaika na usahaulifu huo si mkulima.

Tena muda wote huo mkurugenzi hajafungiwa. Anaweza kusajili kampuni nyingine kesho, ikaja na jina jipya na kreti mpya kwa wakulima walewale. Kesi ya wakulima inahusu fedha zao. Ile ya London inamlinda atakayeuziwa ahadi msimu ujao, ambaye hayumo katika kesi yoyote. Nadhani ndiyo maana mwaka 1994, katika kesi ya Rex Williams Leisure, mkurugenzi aliyetaka kesi ya kumfungia isubiri madai mengine dhidi yake alikataliwa.

Kuna njia moja ambayo ingenifanya niwe upande wake. Aahidi mahakamani kwa maandishi kwamba hataongoza kampuni yoyote, wala kuiendesha kwa mgongo wa mkewe au shemeji, mpaka Mbeya itoe hukumu. Na ushahidi wa wakulima urekodiwe sasa. Akitia saini hapo, London na isubiri hata miaka mitano.