Nani hasa aliiua Alco?

Sisi wapenzi wa treni za zamani tuna ubishi mmoja hauishi, nani aliiua Alco, kampuni ya Marekani iliyokuwa inatengeneza vichwa vya treni. Wengi watakwambia serikali ya Marekani wakati wa vita kuu ya pili, wengine watakwambia GE, yaani General Electric, kampuni ya mitambo ya umeme. Na mimi ambaye katika dizeli zote za mwanzo naipenda PA, kichwa cha Alco cha treni za abiria, kuliko kitu chochote kilichowahi kukanyaga reli, nimekaa na hili swali miaka na jibu nililofika linaniuma.

Kwa asiyewajua, American Locomotive Company iliundwa 1901 kwa kuunganisha viwanda kadhaa vya treni za mvuke, makao yake Schenectady, New York. Usidhani walikuwa wazee wa makaa ya mawe walioikuta dizeli imeshafika, hapana. 1925 wakishirikiana na GE na Ingersoll-Rand walitoa kichwa cha dizeli cha nguvu za farasi 300, namba 1000 cha Central Railroad of New Jersey, kikapiga kazi mpaka 1957. Halafu 1941 wakaleta RS-1. Kile kichwa kilipanga mabehewa yadi na hapo hapo kikatoka na mzigo njia kuu, na leo ukiona kichwa cha dizeli chenye kibanda cha dereva na boneti nyembamba ndefu iliyofunika injini, huku na huku kuna njia ya fundi kupita, jua hilo umbo lilianza na RS-1. Jeshi la Marekani lilizichukua likazipeleka Iran kuvuta misaada iliyokuwa inapelekwa kwa Wasovieti, na wale Wasovieti baada ya vita wakanakili wakaiita TE1. Mtu anayenakiliwa hivyo huwezi kusema hajui kazi.

Sasa hoja ya serikali iko hivi, 1942 bodi iliyosimamia uzalishaji wa vita iligawa kazi, EMD, kitengo cha vichwa vya treni cha General Motors (GM), waendelee na dizeli za mizigo za njia kuu, Alco na mtengenezaji mwingine, Baldwin, kwa sehemu kubwa wabaki na vichwa vya yadi na treni za mvuke. Ukiitazama hivyo ni uonevu. Miaka yote hiyo mwenzio anauza FT, dizeli yake ya mizigo, anajifunza kila hitilafu huko milimani kwa mzigo halisi, na vita inaisha wateja wameshamzoea. Sibishi kwamba iliwaumiza.

Lakini FT ilitoka 1939, Marekani bado haijaingia vitani! Vichwa vinne vimefungwa pamoja, nguvu za farasi 5,400 kwa jumla, vikazunguka zaidi ya maili 83,000 kwenye reli za makampuni mbalimbali wenye reli wakijionea wenyewe, na ndani yake kuna injini ya 567 iliyozaliwa baada ya GM kuhangaika na dizeli karibu miaka ya 30 yote. Bodi ilimkuta EMD ndo mwenye kichwa cha mizigo kilichoshajaribiwa ikampa hiyo kazi, haikumtoa hewani.

Ndo tunafika kwenye PA. Ilizinduliwa Septemba 1946 pale New York, pua ndefu iliyonyooka, taa moja katikati ya wavu wa mraba, ubavu mrefu hauna kona ya hovyo hata moja, nguvu za farasi 2,000 kwenye injini moja wakati E7, kichwa cha abiria cha EMD, ilihitaji injini mbili kufika hapo. Kwa macho hakuna iliyoikaribia, na hili sitalijadili na mtu.

Shida ilikuwa ndani. Ile injini, 244, walianza kuihangaikia katikati ya vita wakaiingiza sokoni kwa haraka ili wamuwahi EMD, na wateja ndo wakawa wa kuijaribu. Turbo, zile feni za kusukuma hewa ndani ya injini, zikafa, kranki zikavunjika, na Alco wakawa wanalipa warantii badala ya kuuza. Hata ule moshi wake maarufu una maelezo, dereva akiongeza mafuta, mafuta yanaingia saa hiyo hiyo ila turbo inaendeshwa na moshi wa ekzosi kwa hiyo inachelewa kushika kasi, hewa inakuwa kidogo, mafuta hayaungui yote, linatoka wingu jeusi mpaka behewa la tatu huoni. Sisi tunapiga picha, lakini jiweke kwenye nafasi ya mwenye reli, kichwa kimemfia kwenye njia moja ana mabehewa 80 nyuma na treni nyingine tatu zinasubiri. Kampuni ya reli ya Santa Fe 1954 waling'oa injini za 244 kwenye PA zao chache wakaweka za EMD, yaani umempenda mtu sura halafu unamwekea moyo wa jirani.

Na si Alco peke yao. Baldwin, kampuni ya tangu 1831 iliyotengeneza treni zaidi ya 70,000, ilitoa kichwa chake cha mwisho 1956. Fairbanks-Morse walikuwa na injini nzuri sana kwenye nyambizi, pistoni mbili kila silinda zinakutana katikati, ila kwenye reli fundi akitaka kutoa pistoni ya chini lazima kwanza afumue kranki ya juu yote. Kichwa chao cha Train Master cha 1953 kilikuwa na nguvu kuliko vyote vya injini moja na bado ziliuzwa 127 tu.

Upande wa GE hapo nawapa Alco haki zaidi. Jenereta na mota zote za umeme zilitoka GE, na GE walipovunja ushirikiano 1953 waliondoka wanaijua biashara nzima, wakarudi na kichwa chao wenyewe, U25B, na kufikia 1963 wameshampita mwenzao wa zamani. Hiyo ni kuchomwa kisu, ila aliyechoma alikuwa ameiona 244 ikifeli kwa miaka saba mfululizo akiwa ndani ya nyumba.

Kinachoniuma ni kwamba dawa waliipata. Injini ya 251 ya miaka ya 50 ilikuwa imara kweli, NASA wakafunga mbili kwenye ile mashine kubwa inayobeba roketi kwenda kurushwa Florida, na India wakapewa leseni wakawa wanaizalisha Varanasi. Ila mteja alishaondoka. Januari 1969 Schenectady waliacha kutengeneza vichwa vya treni, na miaka saba baadaye, 1976, Varanasi walianza kuuza nje vichwa vyenye damu ile ile ya Alco, wa kwanza kupokea ni Tanzania. Nimekulia karibu na reli ya kati, na ule mlio wa kudunda taratibu, halafu kimya kifupi, halafu wingu jeusi treni inapoanza kuvuta, niliusikia miaka mingi kabla sijajua Schenectady iko wapi.