Ukienda Maskati usiishie mchangani

"Makumbusho ya jeshi mnayatakia nini? Bunduki tu zile." Maneno ya dereva wa kampuni iliyotutembeza Oman, mimi na mume wangu. Yaliniudhi, na bado yananiudhi, kwa sababu alikuwa anazungumza na watu wa Unguja.

Mchanga wa Sharqiya, jangwa la Oman ambalo wengi bado wanaliita Wahiba, ni mzuri, sibishi. Pale Bidiya, mji wa ukingoni mwa jangwa, magari husimama kupunguza upepo kwenye matairi, kisha ni kupanda tu, vilima vingine karibu mita 100. Nilivua viatu asubuhi: juu mchanga umeshapata moto, ukizamisha vidole unakuta baridi ya usiku. Nendeni, mtafurahi.

Lakini kurudi nyumbani na picha za ngamia peke yake ni kujinyima. Bait al Falaj, ngome nyeupe ya Ruwi, mjini Maskati, ambayo tangu 1988 ni makumbusho ya jeshi, ilijengwa 1845, enzi za Sayyid Said bin Sultan. Hebu utazameni mwaka huo. Said alikuwa keshahamia Unguja. Mombasa alikuwa keshawanyang'anya Wamazrui, ukoo uliokuwa ukiitawala, 1837. Na 1845 hiyo hiyo alitia saini mkataba na Waingereza, ule wa balozi Hamerton, kuzuia watumwa wasitolewe nje ya milki yake ya Afrika. Waliokuwa kwenye mashamba ya karafuu Unguja na Pemba hawakuachiwa huru. Waliendelea kulima na kuchuma. Ngome ya Ruwi na shamba la karafuu la Unguja vilikuwa chini ya mtawala mmoja. Vipi mtu wa kwetu aambiwe hapamhusu?

Vita vya Dhofar, vile vya waasi wa kusini mwa Oman, navyo vimo kwenye makumbusho, kwa wanaopenda silaha.

Mimi nilisimama sana kwenye milango ya nakshi. Mzee mmoja akasikia Kiswahili chetu.

"Kwenu wapi, wanangu?"

"Shikamoo mzee. Unguja, Malindi."

"Marahaba. Mimi Wete. Tuliondoka sitini na nne."

Akatuzungusha chumba hadi chumba, akamweleza mume wangu mambo ya Pemba kuliko ya jeshi.

Wanaopanga safari za watu wetu waanze na Ruwi, asubuhi nzima, mchanga ufuate. Na watoto waelezwe yote ya 1845: ngome, mkataba, na wale waliobaki mashambani.